Mkono Uliopewa Nyota

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alimvalisha baba yake shati. Msidhani ni kazi ndogo. Kumvalisha mtu mwenye bega bovu kuna utaratibu wake. Unaanza na mkono mgonjwa, unauingiza polepole huku mwenyewe ameulegeza, kisha unapitisha shati mgongoni, ndipo mkono mzima unaingia bila msaada. Wakati wa kuvua unaanza na ule mzima. Ukikosea, baba anasema "Ash!" halafu anajifanya anakohoa.

Baba alikuwa fundi wa kupaka rangi. Kuta alipaka, ndiyo, lakini sifa zake zilikuwa dari. Miaka nenda miaka rudi alisimama juu ya ngazi, uso juu, brashi juu, mkono juu. Dari za watu zilipendeza, bega lake likasagika. Gegedu, yaani ule utando laini wenye utelezi unaozuia mfupa usigusane na mfupa, ulikuwa umekwisha kabisa. Sasa hakuweza hata kujichania nywele, na wateja walikuwa wameanza kuwaita mafundi wengine. Tumaini lililobaki lilikuwa kuwekewa kiungo bandia.

Chiriku halikuwa jina la kwenye cheti. Alipewa nyumbani, la yule ndege mdogo mwenye kelele, kwa ajili ya mdomo wake, maana alisema akila, alisema akifagia, na mama yake huapa kwamba alisema hata usingizini. "Huyu ukimwekea redio," baba alizoea kusema, "redio yenyewe itaona haya inyamaze."

Basi siku walipokwenda hospitali kuonana na daktari bingwa wa mifupa, mama mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, Chiriku ndiye aliyeuliza maswali yote. Daktari aliwaonyesha picha ya bega kwenye kompyuta.

"Mfupa nauona," alisema. "Hizi hapa ni kano, kamba zinazovuta mkono uende juu. Zimechanika nusu. Ninachotaka kujua ni kama hiyo nusu iliyobaki inafanya kazi. Picha haiwezi kuniambia hilo. Mwendo wa mkono utaniambia."

Akamwita kijana wa miwani, fundi wa kompyuta wa idara hiyo. Fundi alileta kishikwambi, ile kompyuta bapa ya kushika mkononi, na vihisi viwili vidogo vya kupima mwendo, vinavyofanana na saa zisizo na mishale. Kimoja kilifungwa kwa mkanda kifuani, kingine juu kidogo ya kiwiko. Baba aliponyanyua mkono, mtu wa katuni kwenye kishikwambi alinyanyua wake vilevile. Baba akishusha, naye anashusha.

"Lo! Anakuiga, baba!" Chiriku alisema.

"Atavaa nyumbani, asubuhi na jioni, mpaka siku ya kulazwa," daktari alieleza. "Hapa hospitali wengine wanaogopa, wengine wanajikaza kisabuni mbele yangu. Nataka kuona mkono ulivyo akiwa kwake. Nani atamsimamia?"

Mama alikuwa na zamu za jioni kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Kabla hajafungua mdomo, Chiriku alishajibu. "Mimi!"

Alianza vizuri, tusimwonee. Alifunga vihisi mahali palepale alipoonyeshwa, akashika kishikwambi, akahesabu kwa sauti ya mwalimu wa michezo. Lakini mkono wa baba ulifika usawa wa kifua ukagoma. Jasho jembamba lilimtoka kwenye paji la uso. Mtu wa katuni naye alisimama na mkono wake nusu njia, na chini yake kukaandikwa: *Jaribu tena.* Mtu akinyanyua mkono mpaka juu, skrini ilitoa nyota ya kijani na kupiga makofi. Baba hakuwahi kupata nyota hata moja.

"Mashine gani hii haina hata huruma," alisema, akicheka huku macho yamejaa maji.

Chiriku hakucheka. Alikuwa hajawahi kumwona baba yake akilengwa na machozi, na jambo hilo lilimtisha kuliko alivyotaka kukubali.

Jioni moja baba alimeza dawa za maumivu akapitiwa na usingizi kwenye kiti. Kishikwambi kikaanza kulia, kikiwaka wekundu: *Zoezi la jioni. Zoezi la jioni.* Chiriku alimtazama baba, akatazama vihisi mezani. Akaona si vizuri kumwamsha. Akajifunga yeye.

Alinyanyua mkono. Mtu wa katuni naye akapandisha wake, ukapita kifua, ukapita kidevu, ukafika sikioni. Nyota! Makofi! Akarudia, nyota nyingine. Alipomaliza zoezi lote, skrini ilikuwa imejaa kijani kitupu, na chini yake jina la baba.

Kesho yake alimwambia baba, bila hata kukwama, "Sista wa kliniki amepiga simu. Amesema jioni upumzike tu, asubuhi inatosha."

"Kweli? Mungu ambariki sista," baba alisema, akaegemea kiti kwa furaha.

Hakuna sista aliyepiga simu. Na uongo, mkitaka kuujua, haukubali kukaa peke yake, siku zote hutafuta mwenzake. Asubuhi baba akivaa vihisi, mtu wa katuni alikwama kifuani kama kawaida. Jioni alipaa mpaka sikioni. Chiriku aliona tofauti hiyo itamuumbua. Basi akaongeza uongo mwingine: sista amesema hata asubuhi, mara moja moja inatosha. Zilizobaki akazifanya yeye, chumbani, mlango umefungwa. Alijiambia anamhurumia baba, na huo ulikuwa ukweli. Lakini zile nyota nazo zilimnogea, na huo nao ulikuwa ukweli.

Siku ya kulazwa ikafika. Wakati wa kuona wagonjwa, daktari alikuja wodini na fundi wa miwani akisukuma kompyuta yenye magurudumu. Mama alikuwepo, Chiriku alikuwepo, na kwenye kitanda cha jirani alilala mzee mmoja aliyevunjika nyonga, mcheshi kupita kiasi.

"Mzee, ulikuwa unatuficha!" daktari alisema, na kwa mara ya kwanza walimwona akitabasamu. "Kule kliniki ulinyanyua mkono kama mtu aliyebeba gunia. Kumbe nyumbani, ukiacha mara chache, unafika sikioni?"

"Mimi?" baba alishangaa. Kisha akacheka. "Basi mashine imeona nguvu ambazo mimi mwenyewe sizioni."

"Kano zako ziko hai. Na hilo limenisaidia kuamua." Daktari akageuza skrini, likaonekana bega kubwa likizunguka taratibu. "Bega ni mpira unaozunguka ndani ya kisahani. Kuna viungo bandia vya aina mbili. Aina ya kwanza inafuata umbile lako, mpira kwenye mkono, kisahani upande wa bega. Hiyo inataka kano zenye nguvu. Aina ya pili tunavigeuza, mpira unakaa begani na kisahani kinakaa mkononi, na mkono unanyanyuliwa na msuli mkubwa wa nje. Hiyo ni ya watu ambao kano zimekufa. Wewe kesho nakuwekea ya kwanza."

"Na kompyuta ndiyo itakayopasua?" mama aliuliza kwa wasiwasi.

"Hapana mama, ninapasua mimi. Lakini nitafunga alama zenye vigololi vinavyong'aa kwenye mfupa wake na kwenye vifaa vyangu. Kamera itavifuata kila vinaposogea. Nikishika kekee kutoboa mfupa, skrini inanionyesha ncha yake iko wapi, na kama nimeinama upande hata kidogo."

"Kumbe na nyinyi mna pima maji kama ya fundi mwashi!" baba alisema, akafurahi kweli. Wodi nzima ikacheka.

Chiriku hakucheka. "Daktari," alisema kwa sauti ndogo, "ukiweka ya kwanza, halafu kumbe kano zilikuwa zimekufa?"

"Swali zuri. Mkono hautanyanyuka. Itabidi nimpasue tena, na mara ya pili mfupa wa kushikilia unakuwa mchache. Wengine hawarudi kazini tena. Ndiyo maana tulipima kwanza." Daktari akamshika kichwa. "Na huyu ndiye msimamizi, siyo? Wagonjwa wengi hawakamilishi hata nusu ya mazoezi. Wa kwenu amekamilisha yote. Jamani, mpigieni mtoto makofi."

Wauguzi wakapiga makofi. Mzee wa nyonga naye akapiga, akasema, "Mwanangu, na mimi nikitoka hapa nitakuazima!" Baba alimtazama bintiye kwa fahari, macho yakimng'aa.

Chiriku alitamani sakafu ipasuke immeze. Kila kofi lilikuwa kama linampiga shavuni. Alijua hapohapo kwamba ndio wakati wa kusema. Akafungua mdomo. Akaona nyuso zote zile zinamchekea, akaufunga. Mdomo ambao haukuwahi kumkosesha neno, siku hiyo ulimgomea.

Nyumbani hakula. Mama alidhani ni woga, akamkalisha karibu yake. "Kuna kitu?"

"Hapana, mama."

"Usiogope. Baba yako atapona. Tena atapona kwa sababu yako."

Hapo Chiriku alilia kwa kwikwi, na mama akazidi kumbembeleza, na kubembelezwa huko ndiko kulikomchoma zaidi. Alijiona mwizi anayepewa zawadi na aliyemwibia.

Asubuhi walifika hospitali mapema. Baba alikuwa ameshavaa gauni la upasuaji, hajala wala kunywa, amelazwa kwenye machela. Muuguzi mmoja mnene, mwenye kofia ya kijani, alikuwa akimsukuma kwenye korido, na mama na Chiriku wakimfuata pembeni. Mbele kulikuwa na milango miwili mipana. Kupitia vioo vyake Chiriku aliweza kuona taa kubwa, skrini, na mkono wa chuma uliobeba kamera. Watu walikuwa wamesimama tayari, mikono imeinuliwa wasiguse kitu.

"Hapa ndipo mwisho wenu," sista alisema. "Muageni."

Baba akanyoosha mkono mzima, akamshika bintiye kidevu. "Mbona chiriku wangu amekuwa bubu? Sema hata neno moja nikaingie nalo."

Machela ikaanza kusogea. Chiriku akapiga moyo konde, akashika chuma cha machela kwa mikono yote miwili.

"Sista, simamisha!"

"Usiogope mtoto, hatamsikia hata mbu, anapewa nusukaputi alale."

"Si woga! Ule mkono ni wangu!"

"Mkono gani?"

"Wenye nyota. Ni mkono wangu. Nilivaa mimi. Baba hawezi kufika sikioni, hajawahi kufika. Ni mimi nilikuwa nanyanyua!"

Sista alimtazama, akamtazama baba, akasukuma mlango kwa bega akaita, "Daktari, hebu njoo."

Daktari alitoka na kofia kichwani, barakoa imeshuka shingoni. Fundi wa miwani alikuwa nyuma yake. Chiriku akalazimika kusema tena, safari hii mbele ya watu wengi zaidi. Akasema yote: usingizi wa baba, nyota, uongo wa simu ya sista, asubuhi za mlango uliofungwa. Alisema akitazama viatu vyake. Kila sentensi ilitoka kwa shida.

Daktari hakufoka. Alimwendea baba. "Mzee, ninyanyulie mkono huo."

Baba akajaribu. Ukafika kifuani ukatetemeka, na kabla haujaanguka akaudaka kwa mkono wa pili.

"Nyumbani?"

"Ndivyo ulivyo, daktari," baba alisema taratibu. "Jana uliposema sikioni nilishangaa. Lakini sifa tamu. Nikanyamaza."

Daktari akageuka. "Leo hatupasui bega hili," aliwaambia wenzake. "Mpango wote umejengwa juu ya mkono wa mtoto wa shule. Mleteni mgonjwa anayefuata. Huyu apewe chakula, apimwe upya, na mimi nikiwepo."

Ikawa hivyo. Watu waliokuwa tayari wakaanza kupanga vifaa upya. Mgonjwa mwingine aliamshwa kabla ya wakati wake. Machela ya baba ikageuzwa. Chiriku alikaa kwenye benchi la korido, na kila aliyepita alimwona anamjua. Pengine wengi hawakumjua kabisa, lakini mwenye aibu huona macho hata ukutani.

Mama alikaa karibu naye. Akauliza, "Mbona hukuniambia jana nilipokuuliza?"

"Niliona aibu, mama."

"Aibu ya jana ingekuwa ya watu wawili. Ya leo imekuwa ya hospitali nzima."

Chiriku akainamisha kichwa. Mama akamfuta uso kwa ncha ya kitambaa chake. "Lakini ya kesho ingekuwa ya baba yako maisha yake yote," alisema. "Kwa hiyo nashukuru."

Kukutana na baba ndiko kulikokuwa kugumu. Alikuwa amekaa kitandani akinywa chai. Mzee wa nyonga alikuwa ameshapata habari zote, maana wodini habari hazina mlango, na alikuwa amefunga macho akijifanya amelala ili wapate kusema.

"Nisamehe, baba. Nilikuhurumia."

"Najua ulinihurumia. Hilo silo linaloniuma." Baba aliweka kikombe. "Uliniambia sista amesema, nikakuamini. Sikuuliza mara mbili, kwa sababu ni wewe. Sasa ukiniambia kitu kesho, nitauliza mara mbili. Hilo ndilo linaloniuma kuliko bega."

Chiriku alilia, na baba hakuharakisha kumnyamazisha. Baadaye alisogea kidogo, akampisha nafasi kitandani. Wakakaa pamoja mpaka saa za kuona wagonjwa zikaisha.

Vipimo vilirudiwa, kila kimoja daktari akiwepo. Mtu wa katuni alikwama palepale alipokwama siku ya kwanza, na safari hii hakuna aliyemsaidia. Kano zilikuwa zimekufa. Kompyuta ikapewa mwendo wa kweli, mpango ukachorwa upya, na wiki iliyofuata baba akaingia tena milango ile mipana. Akawekewa kiungo cha aina ya pili.

Mama na Chiriku walisubiri kwenye benchi lile la korido. Mwishowe daktari alitoka akavua kofia. "Kimekaa mahali pake," alisema. "Kamera na mimi tulikubaliana mwanzo hadi mwisho."

Baba alikaa na mkono kwenye kombeo la kitambaa muda mrefu, mpaka alipoitwa kliniki kuanza kunyanyua. Fundi wa miwani alileta tena vihisi na kishikwambi. Chiriku alipoviona, uso ulimshuka. Akarudi nyuma, akasimama mgongoni mwa mama.

"Msimamizi yuko wapi?" daktari aliuliza.

"Mpe mama," Chiriku alisema.

"Mama ana zamu za jioni. Nakupa wewe."

"Lakini mimi nilidanganya."

"Ulidanganya. Kisha ukasimamisha machela mbele ya watu wote hao. Wakubwa wengi ninaowajua wangeiacha ipite." Daktari akampa vihisi mkononi. "Na mimi nina kosa langu. Siku ile wodini nilizifurahia namba nzuri, nikasahau kumshika mgonjwa mkono kwa mikono yangu mwenyewe. Sisahau tena. Haya, mfunge baba yako."

Chiriku alifunga kimoja kifuani, kingine juu ya kiwiko. Baba akanyanyua mkono. Alikunja uso, jasho likamtoka, mtu wa katuni akapanda naye kwa taabu. Ukapita kifua. Ukasimama kabla ya kidevu.

"Haya, niambie," daktari alimwuliza Chiriku. "Umefika wapi?"

Chiriku alimtazama baba anavyohema. Alitamani kusema kitu cha kumfurahisha. Akatazama skrini.

"Haujafika kidevuni," alisema. "Na baba ameumia."

"Hakuna nyota?"

"Hakuna."

"Vizuri," daktari alisema. "Mwanangu, kompyuta hii inaona mfupa ukisogea hata upana wa ukucha, lakini haiwezi kujua nani amevaa, wala nani anasema kweli. Hilo ni juu yetu watu. Ukinipa habari mbaya ya kweli, nina la kufanya nayo. Ile nzuri ya uongo ingenifanya nimuumize baba yako kwa mikono yangu." Akavuta kiti, akakaa mbele ya baba. "Haya, mzee. Haujafika kidevuni. Tuanzie hapo."